Betri ya gari-nyumba

Betri ya gari-nyumba ni betri inayotoa umeme kwa taa, pampu ya maji, feni ya kipasha joto, chaja za simu na vifaa vingine ndani ya gari-nyumba wakati injini imezimwa na gari halijaunganishwa na umeme wa nje. Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo ndani mna vitanda, jiko na mara nyingi choo. Hutumiwa sana Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia kwa safari na likizo. Karavani inafanana nalo lakini haina injini, hivyo huvutwa na gari lingine.

Nchini Uingereza betri hii huitwa kwa jina lenye maana ya "betri ya mapumziko". Kwa macho hufanana na betri ya kuwasha injini, na zote mbili kwa kawaida ni za volti 12. Hata hivyo kazi zake ni tofauti, na anayezichanganya hupoteza fedha, kwa kuwa betri iliyochaguliwa vibaya inaweza kufa baada ya miezi michache. Vilevile betri isiyolingana na chaja, au iliyofungwa bila fyuzi, inaweza kusababisha moto.

## Historia

Betri ya kwanza ya risasi na asidi iliyoweza kuchajiwa tena ilibuniwa na mwanafizikia Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Alphonse Faure, aliboresha mabamba yake kwa kuyapaka rojo ya oksidi ya risasi, na hapo ikawezekana kutengeneza betri hizo kwa wingi viwandani. Kanuni hiyo inatumika hadi leo.

Betri za ioni za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991. Aina inayotumika zaidi katika magari-nyumba, ile ya lithiamu, chuma na fosfati, ilitokana na utafiti wa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, miaka ya 1990. Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa mchango wake katika betri za lithiamu.

## Tofauti na betri ya kuwasha injini

Betri ya kuwasha injini hutoa mkondo mkubwa sana, mara nyingi mamia ya ampia, kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, alteneta huirudishia umeme uliotumika. Kwa sababu hiyo mabamba yake ni membamba na mengi, ili eneo linalogusana na asidi liwe kubwa.

Betri ya gari-nyumba hufanya kinyume. Hutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi, kisha huchajiwa, na kesho yake hutumika tena. Mabamba yake ni mazito zaidi ili yastahimili kutumika kwa kina na kuchajiwa mara kwa mara. Betri ya kuwasha injini ikifanyishwa kazi hii, mata iliyo juu ya mabamba hulegea na kumomonyoka, na uwezo wa betri hushuka haraka.

Hii ndiyo sababu gari-nyumba huwa na betri mbili au zaidi: moja ya injini na nyingine ya makazi. Mfumo ukiwa sahihi, abiria wanaweza kumaliza umeme wa makazi usiku na bado injini ikawaka asubuhi.

## Aina

Aina nne hupatikana zaidi sokoni.

Betri ya maji ni ya risasi na asidi katika umbo lake la zamani. Ni ya bei nafuu, lakini hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, hivyo huhitaji bomba la kutoa gesi nje ya gari. Nyingine zina vifuniko vya kuongezea maji ya betri.

Betri ya AGM ni ya risasi pia, ila asidi yake imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo katikati ya mabamba. Haimwagiki na huchajika haraka kuliko betri ya maji. Mafundi wengi huiita betri kavu, ingawa asidi imo ndani.

Betri ya jeli ina asidi iliyogandishwa kuwa kama uji mzito. Hustahimili kutumika kwa kina, lakini huharibika ikichajiwa kwa volti kubwa kupita kiasi.

Betri ya lithiamu, chuma na fosfati ni nyepesi na hudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa. Ndani yake huwa na saketi ya ulinzi inayokata umeme betri ikichajiwa kupita kiasi, ikiisha kabisa au ikipata joto jingi. Haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi, kwa sababu lithiamu hujitenga kama metali ndani ya seli na kuiharibu. Katika nchi zenye majira ya baridi mnunuzi huangalia kama saketi hiyo inazuia kuchaji kwenye baridi, au kama betri ina kipasha joto chake.

Uzito nao ni jambo la kuzingatiwa. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 huwa na uzito wa takriban kilogramu 25 hadi 30, na ya lithiamu yenye uwezo huohuo takriban nusu ya hapo. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida ya udereva imekuwa ikiruhusu gari lenye uzito wa hadi kilogramu 3,500 pamoja na mizigo na abiria. Magari-nyumba mengi yanakaribia kikomo hicho, na betri mbili nzito zinaweza kulivusha gari.

## Uwezo wa betri

Uwezo hupimwa kwa ampia-saa, kifupi Ah. Betri ya 100 Ah kinadharia inaweza kutoa ampia 5 kwa saa 20. Ikitolewa mkondo mkubwa zaidi, betri ya risasi hutoa jumla ndogo kuliko hiyo. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani Wilhelm Peukert mwaka 1897.

Namba iliyoandikwa kwenye betri si kiasi kinachofaa kutumiwa chote. Betri ya risasi hudumu zaidi isipotumiwa kupita nusu ya uwezo wake. Betri ya lithiamu inaweza kutumiwa asilimia 80 au zaidi bila madhara makubwa. Ikitunzwa, ya risasi kwa kawaida hustahimili mizunguko mamia kadhaa ya kutumika na kuchajiwa, na ya lithiamu maelfu kadhaa.

Kabla ya kununua, mtumiaji hukadiria mahitaji yake. Kanuni ni rahisi: wati mara saa hutoa wati-saa, na wati-saa zikigawanywa kwa volti 12 hutoa ampia-saa. Mfano ufuatao ni wa watu wawili wanaolala usiku mmoja wa baridi bila umeme wa nje:

- taa za LED, wati 10 kwa saa 5: wati-saa 50
- feni ya kipasha joto cha gesi, wati 20 kwa saa 10: wati-saa 200
- runinga ndogo, wati 30 kwa saa 3: wati-saa 90
- simu mbili: wati-saa 30
- pampu ya maji, wati 50 kwa dakika 18: wati-saa 15

Jumla ni wati-saa 385, yaani takriban 32 Ah. Ukiongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya upotevu na matumizi yasiyotarajiwa, unapata takriban 38 Ah kwa usiku mmoja na 76 Ah kwa usiku wawili. Kwa betri ya risasi inayotumiwa nusu tu, usiku huo wawili unahitaji uwezo wa 152 Ah. Kwa lithiamu inayotumiwa asilimia 80, unahitaji 95 Ah. Kwa hiyo betri moja ya lithiamu ya 100 Ah inaweza kufanya kazi ya betri mbili za risasi za 80 Ah kila moja.

Katika mfano huu zaidi ya nusu ya umeme imekwenda kwenye feni ya kipasha joto, kifaa ambacho wengi hukisahau wanapopiga hesabu. Betri ikiisha usiku wa manane feni husimama, na joto huisha hata kama mtungi wa gesi umejaa.

Vifaa vya kupikia vya umeme ni suala jingine. Birika la wati 2,000 likiendeshwa kwa inveta huvuta zaidi ya ampia 165 kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri moja ya kawaida ya risasi haikuundwa kwa mzigo huo, na nyaya nyembamba zinaweza kuungua. Ndiyo maana magari-nyumba mengi hupikia gesi.

Nchini Uingereza Baraza la Taifa la Karavani lina mpango wa kuthibitisha betri hizi. Hugawanywa katika makundi matatu: A kwa wanaokaa mara nyingi mbali na umeme wa nje, B kwa wanaokaa kwenye kambi zenye umeme lakini wana vifaa vinavyohitaji uwezo mkubwa, na C kwa matumizi ya msingi ya muda mfupi.

## Kuchaji

Betri ya gari-nyumba huchajiwa kwa njia tatu: chaja ya umeme wa kambi, alteneta ya injini, na paneli ya sola kupitia chaji kontrola. Kila aina ya betri ina volti yake ya kuchajia. Betri nyingi za maji na AGM huhitaji takriban volti 14.4 hadi 14.8, na za jeli volti 14.1 hadi 14.4. Za lithiamu huhitaji takriban volti 14.2 hadi 14.6. Namba sahihi ni zile zilizotolewa na mtengenezaji wa betri husika.

Kwa hiyo kubadilisha aina ya betri ni kubadilisha mfumo. Anayetoa betri ya maji na kuweka ya jeli au lithiamu hana budi kuangalia kama chaja zote tatu zinaweza kurekebishwa. Chaja ya zamani isiyo na chaguo hilo inaweza kuiacha betri mpya bila kujaa, au kuijaza kupita kiasi.

Alteneta za magari mengi mapya hupunguza volti yake ili kuokoa mafuta, hivyo hazijazi betri ya makazi ipasavyo. Katika magari hayo hufungwa chaja ya kati, inayopokea umeme kutoka upande wa betri ya injini na kuupandisha hadi volti inayofaa betri ya makazi. Chaja hiyo pia huweka kikomo cha mkondo. Betri ya lithiamu inaweza kuvuta mkondo mwingi kiasi cha kuunguza alteneta isiyo na kinga.

## Dalili za betri iliyochoka

Betri iliyochoka hujaa upesi na kuisha upesi. Taa hufifia pampu inapowaka, au feni husimama kabla ya alfajiri ilhali jioni kipimo kilionyesha betri imejaa. Betri iliyovimba, inayopata moto ikichajiwa, au inayotoa harufu ya mayai viza, iache kutumika mara moja.

Njia rahisi ya kukagua betri ya risasi ni kuipima kwa multimita. Betri huchajiwa hadi ijae, ikatengwa na chaja na vifaa vyote, na kuachwa ipumzike kwa saa kadhaa. Makadirio ya betri ya maji ni haya:

- volti 12.7: imejaa
- volti 12.4: takriban robo tatu
- volti 12.2: takriban nusu
- volti 11.9 au chini: imeisha au inakaribia kuisha

Volti peke yake haitoshi, maana betri chakavu pia inaweza kuonyesha 12.7. Jaribio la pili ni kuiwekea mzigo unaojulikana. Betri ya 100 Ah iliyojaa ikitoa ampia 5 kwa saa 5 imepoteza 25 Ah. Ikipumzika inatakiwa ionyeshe takriban volti 12.4. Ikionyesha 12.2, robo ya uwezo ulioandikwa imekuwa nusu ya uwezo uliobaki, yaani betri hiyo sasa ni ya takriban 50 Ah. Kipimo hiki hakifai kwa lithiamu, ambayo volti yake hubadilika kidogo sana hadi karibu na mwisho.

Kabla ya kulaumu betri, ni vizuri kukagua fyuzi, tominali zenye kutu na nyaya zilizolegea. Betri nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

## Kubadilisha betri

Betri ya volti 12 haipigi shoti ya kuua, lakini ncha zake zikiunganishwa na chuma hutoa mamia ya ampia, na pete au saa ya mkononi inaweza kuyeyuka juu ya ngozi. Hidrojeni inayotoka kwenye betri ya maji hulipuka kwa cheche ndogo. Asidi huunguza macho. Kwa hiyo mfanyaji kazi huvua vito, huvaa miwani ya kinga na glavu, na hufungua milango hewa ipite. Asidi ikimrukia mtu, huoshwa mara moja kwa maji mengi, na ikiingia machoni humpasa kwenda hospitali.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Zima injini, vifaa vyote na inveta, kisha ondoa waya wa umeme wa nje.
2. Tenga paneli ya sola na chaji kontrola kabla ya kugusa betri, kwa sababu kontrola nyingi huharibika zikipokea umeme wa paneli bila betri.
3. Piga picha nyaya zote zilivyo.
4. Fungua ncha hasi kwanza, halafu ncha chanya. Chasisi ya gari huunganishwa na hasi. Hasi ikishatolewa, spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya haitaleta cheche.
5. Toa betri ya zamani ikiwa wima.
6. Weka mpya na uifunge imara kwa mkanda au kibano. Katika ajali betri ya kilogramu 25 isiyofungwa ni kama jiwe lililorushwa.
7. Ikiwa ni ya maji, unganisha bomba la gesi linalotoka nje.
8. Unganisha chanya kwanza, kisha hasi, na uzikaze.
9. Hakikisha kuna fyuzi karibu na ncha chanya, yenye ukubwa unaolingana na unene wa waya.
10. Unganisha sola, rekebisha chaja zifuate aina ya betri mpya, kisha pima volti betri ikiwa inachajiwa.

Betri mbili zikiunganishwa sambamba zinapaswa kuwa za aina moja, uwezo mmoja na umri unaolingana. Ukiunganisha mpya na chakavu, ile chakavu huivuta mpya nayo ichoke mapema.

## Utunzaji

Betri ya risasi ikiachwa bila chaji hujenga fuwele ngumu za salfeti ya risasi kwenye mabamba, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo ni vigumu kurudi. Betri nyingi za magari-nyumba ya Ulaya huharibika hivyo wakati gari limeegeshwa majira yote ya baridi. Dawa ni kuijaza kabla ya kuegesha na kuichaji tena mara kwa mara. Betri iliyoisha pia huganda na kupasuka kwenye baridi kali, wakati iliyojaa haigandi kwa urahisi. Ya lithiamu huhifadhiwa vizuri ikiwa na chaji takriban nusu.

Joto nalo ni adui. Kwa makadirio ya mafundi, umri wa betri ya risasi hupungua kwa takriban nusu kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za selsiasi juu ya kiwango chake cha kawaida.

## Afrika Mashariki

Magari-nyumba si mengi Afrika Mashariki, lakini magari ya safari na kambi mara nyingi hufungwa betri ya pili kwa ajili ya friji na taa. Zaidi ya hapo, betri za aina hii zinafahamika sana majumbani, ambako huitwa betri za sola. Kanuni zilizoelezwa juu zinatumika vilevile: hesabu ya wati-saa, kutotumia betri ya risasi kupita nusu, na chaji kontrola inayolingana na betri. Kosa la kununua betri ya gari kwa ajili ya mfumo wa sola kwa kuwa ni ya bei nafuu ni lilelile, na matokeo yake huwa mabaya zaidi mahali penye joto.

## Betri kuukuu na mazingira

Betri za risasi hubeba alama ya Pb na, Ulaya, picha ya pipa la taka lililokatwa kwa msalaba, maana yake haziruhusiwi kutupwa na taka za nyumbani. Huchukuliwa na wauzaji wa betri au vituo maalumu, na sehemu kubwa sana ya risasi yake hutumiwa tena.

Urejelezaji usiosimamiwa vizuri ni hatari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjini Mombasa, Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa karibu na mtaa wa Owino Uhuru kilisababisha sumu ya risasi kwa wakazi, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aliongoza wakazi kupinga. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika rufaa.

Kwa hiyo betri ya zamani haivunjwi nyumbani, asidi yake haimwagwi chini, na haiuzwi kwa mtu anayeyeyusha risasi uani. Huwekwa wima, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na kurudishwa dukani au kwenye kituo chenye kibali. Betri ya lithiamu nayo haipondwi wala kutobolewa, kwa kuwa inaweza kuwaka.